Herufi za Baba Zatafuta Jina

Programu ya kuchorea fonti haikunisubiri. Nilifungua faili jipya, sijachora hata kistari kimoja, na juu ya dirisha tayari pameandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "Bila jina, namba 1". Nikayaacha. Mtoto hajazaliwa, nikajiambia, jina la nini? Litapatikana siku ya kumtoa nje. Miaka miwili ikapita. Nikawa na herufi kubwa 26, ndogo 26, tarakimu, vituo, mabano, na alama ya ritifaa niliyoichora na kuifuta mara kumi na moja. Mtoto bado anaitwa Bila Jina.

Kazi yangu ni steshenari, hapa Tabora mjini, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli. Nachapa barua za maombi ya kazi, kadi za mchango wa harusi, risachi za wanachuo na ratiba za mazishi. Lakini kwetu ni Puge, kata ya Wilaya ya Nzega, karibu katikati ya safari kwa anayetoka Tabora kwenda Nzega. Barabara ile ilipowekewa lami, kazi iligawanywa vipande viwili: Tabora hadi Puge, na Puge hadi Nzega. Kwa wengi wasiotoka huko, hivyo ndivyo walivyolisikia jina letu mara ya kwanza, kama mahali ambapo mkandarasi mmoja anaishia na mwingine anaanza.

Baba alikuwa mchora vibao. KINYOZI, HOTELI, DUKA LA DAWA, USIKOJOE HAPA FAINI, majina ya malori, methali za nyuma ya mabasi. Vyote vilipita mkononi mwake. Alitanda uzi uliopakwa chaki, akauvuta kama mtu anayepiga zeze, ukaacha mstari ukutani. Kisha brashi. K yake ilitoa mguu mbele kama mtu anayevuka mfereji. Herufi a ndogo ilikuwa na tumbo la chini, nzito kuliko kichwa, kwa sababu Kiswahili kinaipenda a kuliko herufi zote, na Baba, bila kufundishwa na mtu, aliona kwamba a nyembamba huliacha neno kama "hatakaa" likiyumba. Mabango ya kuchapwa kwa mashine yalipofika, kazi yake ikapungua, kisha ikaisha. Nilipiga picha vibao vilivyobaki, nikaanza kuzihamishia herufi zake kwenye kompyuta.

Niseme kidogo fonti ni nini, maana wateja wangu wengi huitumia kila siku bila kuijua. Ni faili. Ndani yake kila herufi imechorwa kama mzingo, imepewa upana wake na nafasi yake ya kupumulia kushoto na kulia. Ukibonyeza k, kompyuta inakwenda kuchukua mchoro wa k uliohifadhiwa humo. Fundi akishachora, faili linataka jina, na si moja. Kuna jina la familia, ambalo mtu analiona kwenye orodha. Kuna jina la mwanafamilia: ya kawaida, nzito, ya mlazo. Kuna na jina la siri ambalo mashine za kuchapa husomeana zenyewe kwa zenyewe, nalo halikubali hata nafasi moja katikati ya maneno.

Kaunta ya steshenari ni mahali pazuri pa kujifunza majina ya fonti yana faida gani. "Dada, niwekee ile ya harusi." "Niwekee ile nene kama ya gazeti." "Ile ya juzi." Jina pekee ambalo karibu kila mtu analijua ni Times New Roman, tena kwa sababu ya vyuo: Times New Roman, saizi 12, nafasi moja na nusu. Mwanachuo anaweza kusahau kichwa cha risachi yake lakini hilo halisahau. Ni wachache wanaojua kwamba wanataja gazeti. The Times la London lilijitengenezea herufi mpya, likaanza kuzitumia tarehe 3 Oktoba 1932, nazo zikabaki na jina la mwenye nyumba hadi leo, hata pale zinapoandika mapendekezo ya utafiti wa zao la tumbaku Urambo.

Wengine waliweka majina yao au ya mabwana wao: Garamond, Bodoni, Baskerville, Gill. Huu ndio mtindo niliouwaza kwanza, niipe jina la Baba. Nilimpigia simu. Akacheka mpaka akakohoa. "Mtu akiifuta kwenye kompyuta yake," akasema, "mimi huku nitaumwa kichwa." Nikaliondoa, na hapa pia siliandiki.

Waswisi walikuwa na kisa chao. Mwaka 1957 Max Miedinger alichora herufi kwa maagizo ya Eduard Hoffmann wa kiwanda cha Haas. Ziliitwa Neue Haas Grotesk, jina refu kama treni ya mizigo, lisiloweza kuuzika nje ya nchi zinazosema Kijerumani. Washirika wao wa Ujerumani wakapendekeza Helvetia, yaani Uswisi kwa Kilatini. Hoffmann akakataa, herufi, kwake, haziwezi kubeba jina la nchi nzima. Wakageuza mwisho wa neno, ikawa Helvetica, "ya Kiswisi". Herufi moja tu iliongezwa, na jina likatoka kwenye kuwa nchi likawa sifa. Nimekifikiria kisa hicho mara nyingi nikiwa foleni ya kununua karatasi.

Ninachokipenda zaidi ni cha Susan Kare. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alichora herufi za kompyuta ya kwanza ya Macintosh. Yeye na mwenzake mmoja walikuwa wametokea Philadelphia, wakazipa majina ya vituo vya treni ya vitongoji vya kwao: Overbrook, Merion, Ardmore, Rosemont. Steve Jobs akapita, akayaona. Akasema kama ni miji basi iwe miji, lakini si vimiji ambavyo hakuna anayevijua. Iwe miji mikubwa ya dunia. Ndiyo tukapata Chicago, New York, Geneva, London, Venice. Afrika nayo ilikuwamo, kwa jina la Cairo. Ila Cairo haikuwa na herufi. Ilikuwa picha tupu: mnazi, mbwa, vitu vya namna hiyo. Geneva wanaandika barua, Cairo wanachora mbwa. Sisemi Kare alikuwa na nia mbaya, nadhani alikuwa anawaza maandishi ya picha ya Misri ya kale. Lakini mtu wa Puge akisoma habari hiyo anawaelewa watu wa Merion kabisa.

Sisi watu wa njia ya misafara majina ya vituo tunayajua uzito wake. Bagamoyo, wanasema, ni bwaga moyo. Mgunda Mkali ni pori lililowatesa wapagazi kwa kukosa maji kabla hawajaingia Unyamwezi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke, walipofika mwaka 1857, mji huu waliuita Kazeh. Jina la Tabora, wazee wengi watakuambia, limetokana na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, chakula cha safari kisichooza. Hata neno Wanyamwezi tulipewa, inasemekana, na watu wa Pwani waliotuona tukitokea upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Naye mtemi Mtyela Kasanda dunia inamjua kwa jina la sifa ya vitani, Mirambo, yaani maiti. Majina mengi ya huku yalitolewa na mtu aliyekuwa anapita au anayeogopa.

Kwa hiyo Matobolwa likaingia kwenye daftari langu kama pendekezo la pili. Nililipenda wiki nzima. Kisha nikaliandika kwa herufi zenyewe, jambo ambalo kila fundi wa fonti hulifanya, kwa sababu kwenye orodha nyingi za kompyuta jina la fonti huonyeshwa kwa fonti hiyohiyo. Jina ndilo sampuli. Lina o mbili, l na b, herufi za mviringo na vijiti ambazo hazina utundu wowote wa Baba. Ni kama kumtambulisha fundi seremala kwa kuonyesha misumari yake.

Mihayo lilikuwa la tatu. Kwa Kinyamwezi na Kisukuma mhayo ni neno, mihayo ni maneno. Hakuna jina linalofaa zaidi kwa herufi. Lakini uliza mtu yeyote Tabora Mihayo ni nani, atakuambia ni Askofu Mkuu Marko Mihayo, aliyeliongoza Jimbo Kuu la Tabora kuanzia 1960 hadi 1985, na ambaye chuo kikuu kishiriki hapa mjini kimepewa jina lake. Ningechapa kadi ya harusi kwa Mihayo, mtu angedhani ni ya chuo. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, nililiacha kwa sababu kama hiyo: wanaolisikia hulisahihisha kuwa kiongozi, na Kiongozi ni gazeti la Kanisa Katoliki lenye historia hapahapa, enzi za matbaa ya wamisionari ya Kipalapala, ile TMP ambayo jina lake liko kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Kiswahili vya zamani.

Ng'wana, yaani mtoto, nalitaja kwa aibu. Nililipenda kwa sababu ya ritifaa. Fonti nyingi zilizotengenezwa mbali huichora ritifaa zikidhani itakaa mwisho wa neno au kabla ya s ya Kiingereza, kwa hiyo ukiandika ng'ombe unapata shimo katikati, ng' huku na ombe kule, kama ng'ombe aliyekatwa kiuno. Niliisogeza yangu ikakaa juu ya bega la g. Nilitaka jina litakaloringa kwa hilo. Faili la majaribio nikalipeleka kwa mchapaji mmoja mwenye mashine kubwa. Mashine ilisoma jina hadi kwenye ritifaa ikagoma. Bango la kipaimara likatoka kwa fonti nyingine kabisa, mimi nikalilipia. Nilipokuja kuuliza, niliambiwa jambo ambalo mafundi wengi wanalijua: kwa usalama, lile jina la siri liwe na herufi tupu. Kwa hiyo ritifaa yangu niliyoihangaikia haiwezi kukaa kwenye jina lake yenyewe.

Halafu Kulwa na Doto. Huku kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Hakuna anayekaa kikao. Nami nilikuwa na herufi nyembamba na herufi nene, zimetoka mkono mmoja, na za mlazo zilizofuata baadaye. Nyembamba Kulwa, nene Doto, za mlazo Shija. Nilijiona nimemaliza. Nikaziingiza kwenye kompyuta. Orodha ikazipanga kwa alfabeti: Doto juu karibu na D, Kulwa chini kwenye K, Shija mbali huko. Kati ya Kulwa na Doto zilikaa fonti nyingi za wageni. Kibaya zaidi, ukiandika kwa Kulwa kisha ukabonyeza kile kitufe cha B cha kukoleza, kompyuta haiendi kumwita Doto. Haijui kuwa ni pacha wake. Inamchukua Kulwa mwenyewe inamnenepesha kwa nguvu, mistari inavimba, macho ya e yanaziba. Ili kitufe kifanye kazi ni lazima ndugu wote wachukue jina moja la familia, na wao binafsi waitwe kwa maneno ya Kiingereza ambayo programu imezoea: ya kawaida, nzito, mlazo, nzito ya mlazo. Kompyuta inataka ubini. Ubini sikuwa nao.

Katikati ya hangaiko hilo ndipo nilipokutana na Andika. Ni fonti ya shirika la SIL, linaloshughulika na lugha ndogo za dunia, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Herufi kubwa ya I, l ndogo na tarakimu 1 hazifanani hata kidogo. A ndogo ni ile ya ubaoni ya darasa la kwanza, mviringo na kijiti. Na jina lake ni Kiswahili, limechukuliwa makusudi. Wenzake waliotangulia kwenye shirika hilo wana majina ya Kigiriki na Kilatini: Doulos ni mtumwa, Charis ni neema, Gentium ni ya mataifa. Ilipofika fonti ya wanafunzi, wakasema Kiswahili.

Ni jina zuri, sina kinyongo. Fupi, linatamkika popote, linaanza na A kwa hiyo linakaa juu kwenye orodha, na linaonyesha k. Lakini sikio langu linasikia jambo ambalo nadhani wao hawakulisikia. Andika ni amri, tena kwa mtu mmoja. Ni sauti ya mwalimu wa imla, fimbo iko mezani, nasi tumeinamia madaftari. Ningekuwepo ningependekeza Andikeni, tuwe wengi. Mtu akiniambia ninachambua mno, nitamjibu kwamba ndiyo kazi ya jina.

Andika ilinifundisha na jambo jingine, la sheria. Leseni yake ni huria: unaichukua bure, unaigawa, unairekebisha utakavyo. Ila ukishaibadilisha, huruhusiwi kuendelea kuiita Andika. Wametoa herufi, jina wakabaki nalo. Nilishangaa, kisha nikaelewa. Marekani sheria ya hakimiliki haiyalindi maumbo ya herufi. Inalinda faili kama programu, na sheria ya alama za biashara inalinda jina. Ndiyo maana Palatino ya Hermann Zapf ina mwenzake anayefanana nayo kama shilingi kwa ya pili, lakini anaitwa Book Antiqua. Hapa Tanzania alama ya biashara unaipeleka BRELA kuisajili. Ikikubaliwa unalindwa miaka 7, kisha unahuisha kwa miaka 10 kila mara. Kwa hiyo jina la fonti ni mali, pengine ndiyo mali pekee ambayo fundi anaishika mkononi.

Hapo ndipo nilipomtajia mjomba wangu wazo la Puge. Lilikuwa limekuja lenyewe, ubini niliokuwa nautafuta: Puge ya kawaida, Puge nzito. Mjomba akanitazama. "Puge ni ya watu. Utaisajilije?" Alikuwa amesikia habari za Hakuna Matata, jinsi kampuni ya Disney ilivyoyasajili maneno hayo Marekani kwa ajili ya nguo, na kelele zilizotokea mwaka 2018 watu walipokusanya sahihi kupinga. "Kesho mtu wa Puge afungue gereji aiite Puge Gereji, umdai?" Sikuwa na jibu siku ile. Nilichofanya ni kutoisajili, na kuitoa kwa leseni huria. Mjomba bado anasema jambo hilo halijakaa sawa, na sidhani kama amekosea sana.

Wasiwasi mwingine ulikuwa wa kwangu mwenyewe. Mwingereza akiisoma ataitamka "pyuji", iingie kwenye kundi la maneno yao ya kutapika na kuhara. Halafu nikakumbuka mwaka 2023. Microsoft waliiondoa Calibri kwenye nafasi ya fonti ya kwanza ya Word wakaweka nyingine, kazi ya Steve Matteson, iliyokuwa ikiitwa Bierstadt kwa heshima ya mlima wa Colorado. Walipoichagua wakaibadilisha jina: Aptos, mji mdogo wa pwani ya California ambao mchoraji anaupenda. Kwa hiyo leo mtu akifungua Word mpya pale Nzega, barua yake inaanza kwa jina la kimji ambacho hajawahi kukisikia, wala hakuna aliyemuuliza kama ataweza kukitamka. Merion walikataliwa, Aptos wamepita. Puge wasubiri nini?

Jumapili nikapanda basi na kompyuta mpakato. Baba alikuwa chini ya mwembe, miwani kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Umeniletea nini, gunia la umeme?"

Nikamfungulia orodha ya fonti. Nikashuka taratibu: Perpetua, Playbill, Poor Richard, Pristina. Halafu Puge. Baada yake Rage Italic. Alisogeza uso mpaka pumzi yake ikapiga kioo. Nilitegemea machozi, nikiri. Akakaa kimya muda mrefu, kidole kinatetemeka juu ya herufi ya tatu.

"Hii nini?"

"Ni g, Baba."

"Siyo yangu."

Alikuwa na haki. Vibao vingi nilivyopiga picha vilikuwa vya herufi kubwa tupu. G yake ndogo niliiona mahali pamoja, kwenye mlango wa kinyozi uliokatwa chini na mchwa, mkia haupo. Nikabuni mwenyewe, mfupi, wa adabu. Miaka miwili sikuuona ubaya wake kwa sababu sikuwahi kuandika neno lenye g kwa saizi kubwa nikaliangalia. Akaokota kijiti, akachora vumbini. Mkia ulishuka, ukapinda kushoto, ukarudi juu kama ndoano ya kuvulia ndoo iliyotumbukia kisimani. Mrefu kuliko mwili wa herufi yenyewe.

"Umemkata mkia kama mbwa wa mjini," akasema.

Nilirudi Tabora jioni ileile nikaanza upya. Mkia mrefu hauji peke yake. Uliingia kwenye mstari wa chini ukagonga vichwa vya k na l, ikabidi niongeze nafasi kati ya mistari, na nafasi ikiongezeka karatasi inapungua: kadi ya mchango iliyokuwa inabeba mistari 14 sasa inabeba 13. Niliichapa moja nikaibandika ukutani nyuma ya kaunta, juu yake nimeandika PUGE, chini yake Puge, kwa saizi ambayo hata aliyeko nje anaiona.

Jumatatu akaja mama mmoja na orodha ya kamati ya sendoff. Aliiangalia kadi, akaangalia ukuta, akanyoosha kidole.

"Dada, mimi niwekee ile yenye mkia."